Ijumaa ya Saidi, Jumapili Yangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja kishikio cha msumeno. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke, halafu tuendelee.

Nilikuwa kijana wa Kerende, nimezoea jembe na ng'ombe, nina kifua na sina akili. Idara ya Ujenzi pale Tarime ilikuwa inatafuta wapasua mbao, maana vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaanzishwa kila upande na kila kijiji kilitaka shule na ghala. Mbao za mashine zilitoka mbali na hazikutosha, kwa hiyo tulipasua kwa mkono. Bwana Ujenzi, ndiye mkubwa wetu wilayani, alinitazama mabega tu. "Huyu aingie shimoni kwa Saidi," akasema. Usaili ulikuwa huo.

Kwa ninyi mliozaliwa na kukuta mashine, niwaeleze. Gogo lililazwa juu ya shimo la kina cha kumzidi mtu, likakaa kwenye miti miwili iliyokingama. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine shimoni, na kati yao msumeno mrefu wenye kishikio juu na chini. Wa juu anafuata mstari na kuinua, wa chini anavuta. Msumeno ule unakata ukishuka tu. Ukipanda haukati kitu, unapumua. Neno hilo la kupumua si langu, ni la Fundi Saidi.

Saidi alikuwa mtu mfupi, mkavu, Mwislamu. Baba yake alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa, akabaki Tarime. Kwa umri alikuwa wa kunizaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanionyesha shimo. Mimi, ili anione, nikavuta kwa mwili mzima. Haikuchukua muda, kishikio kikakatika, nikaanguka chali kwenye unga wa mbao. Kisha nikasikia kutoka juu akiniita kijana kwa Kikurya, "Mura, unavuta msumeno au ng'ombe aliyegoma?"

"Navuta kazi, fundi!"

"Kazi haivutwi hivyo. Uzito wake unatosha, wewe uonyeshe njia tu. Ukienda hivyo, jua halijapanda utakuwa umekwisha na gogo bado zima."

Nilikasirika, jamani. Mkurya kuambiwa hajui kutumia nguvu! Nikaendelea kuvuta vilevile na kishikio kipya, na kabla ya uji wa saa nne nilikuwa nimeinama kando ya shimo natapika. Saidi aliniletea maji. Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza.

Alinifundisha kupiga mstari kwa kamba iliyolowekwa kwenye weusi wa betri kuukuu za redio. Unaivuta, unaiachia, tap! mstari umekaa kwenye gogo. Alinifundisha kuweka kabari kwenye mpasuo ili mbao zisiubane msumeno, na kunoa kwa tupa, jino moja moja. Na alikuwa na desturi ambayo sikuiona kwa fundi mwingine yeyote. Jozi nyingine, mkubwa anakaa juu miaka yote, mdogo anakula vumbi chini mpaka macho yawe mekundu. Saidi alisema leo mimi juu, kesho wewe. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anajishusha. Alikuwa anawajibu, "Nashuka kweli, si mnaniona shimoni?"

Sasa Ijumaa. Ijumaa ya kwanza, jua lilipokaribia utosini, Saidi akaweka msumeno chini, akanawa, akavaa kofia yake nyeupe. "Mpaka kesho," akasema.

"Fundi, mimi ni mtu wa kanisa. Mimi nitaendelea."

"Endelea," akajibu, akaenda msikitini.

Nikapanda juu ya gogo, nikauinua msumeno, nikauachia. Ukaning'inia. Nikashuka shimoni, nikauvuta. Nikapanda tena kuuinua. Nikashuka tena. Mama mmoja aliyekuwa anapita na kuni alisimama, akatua mzigo wake kabisa ili acheke vizuri. Nikaona aibu, nikamfuata Saidi mjini, nikamngoja kwenye kibaraza cha duka hadi alipotoka. Akanichukua kwake, mkewe Mama Zuhura akatuwekea wali na maharage, kisha nikalazwa kwenye mkeka. Sikuwahi kulala mchana maishani mwangu bila kuumwa. Niliamka alasiri, sijui niko wapi, nikajisikia mtu mpya.

Jumapili ikawa zamu yangu. Nilijua Saidi atakuwa na shughuli zake, lakini nilipotoka kanisani nikamkuta ng'ambo ya barabara, amekaa juu ya jiwe, anatafuna karanga. "Unamngoja nani, fundi?" nikamuuliza. "Namngoja mwenzangu amalize kupumzika," akasema. Tukaenda kunywa chai. Tangu siku hiyo jiwe lile likawa lake, na kibaraza cha duka kikawa changu.

Msidhani tulikuwa wa kwanza kwa wingi wa mbao. Nisiwadanganye, tulikuwa katikati. Ila jozi nyingine zilikuwa zinavunjika kila mara, huyu mgongo, huyu kifua, hawa wamegombana. Sisi tulipelekwa Sirari, tukapasua mbao za kenchi, za kubeba paa la shule. Tukapelekwa Matongo, tukapasua za ghala. Matongo hapakuwa na msikiti karibu, Saidi akawa anatandika mkeka wake kando ya shimo nami nakaa pembeni. Jumapili tulikwenda kwangu Kerende, mke wangu Bhoke anatupikia ugali wa mtama. Nilikuwa na furaha miaka ile. Sikuijua kwa jina, lakini ndiyo ilikuwa hiyo.

Bwana Ujenzi akatukuta Matongo, siku ya Ijumaa. Akashuka kwenye Landrova yake na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Msumeno uko wapi?"

"Umelala, mzee," nikasema.

"Umelala? Leo sikukuu gani?"

"Ijumaa, mzee," Saidi akajibu.

Akanigeukia mimi. "Na wewe Marwa, umesilimu?"

"Hapana, mzee. Yangu ni Jumapili."

"Na Jumapili huyu anafanya nini?"

Jibu lilikuwa linajulikana. Bwana Ujenzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayesukumwa kutoka juu, na anayesukumwa husukuma. Akasema, "Ndugu zangu, taifa lina haraka, ninyi mna siku mbili za Mungu! Mmoja akichoka wote mnalala. Nitawatenganisha. Kila mmoja nitampa mwenzake wa dini yake, nipate jozi mbili badala ya moja."

Saidi akarudishwa Tarime. Mimi nikapangiwa Machochwe, kule Serengeti, mpakani mwa hifadhi. Nilimsihi Bwana Ujenzi, nikamsihi kweli, na Mkurya hasihi ovyo. Akasema, "Shule ya Machochwe ikiezekwa, nitakurudisha kwa Saidi wako." Neno hilo nililishika kama mkia wa ng'ombe mtoni.

Tulipoagana Saidi alinipa tupa yake mpya. Siku zile kupata tupa ilikuwa kazi kuliko kupata sukari. "Usikimbie huko," akaniambia.

"Nitakimbia, fundi, ili nirudi mapema."

"Mtu hakimbilii kupumzika, Marwa."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na hesabu yangu: shule iishe, nirudi.

Machochwe walinipokea vizuri. Mwenyekiti wa Kijiji alinipa kibanda kando ya kiwanja cha shule, na mwenzangu wa kazi akawa Magesa, mfugaji mwenye watoto wake, mtu mpole. Lakini upweke wa kule, wacha tu. Jioni watu wanaingiza ng'ombe zizini, kila mlango una moshi, mimi nimekaa nje ya kibanda nasikiliza fisi. Nyumbu wakipita kwa mbali ulikuwa unasikia mngurumo wao, wako wengi ajabu, na hakuna anayekujua hata mmoja. Nilizoea kuongea na mtu aliye juu yangu au chini yangu kutwa nzima. Sasa nilikuwa naongea na tupa.

Ijumaa ya kwanza nilisahau kwamba Saidi hayupo. Jua lilipofika utosini mikono yangu iliuacha msumeno yenyewe. Magesa akaita kutoka shimoni, "Vipi, fundi? Umeona nyoka?"

"Hapana," nikasema. "Vuta."

Tukaendelea. Ijumaa ya pili mikono ilisita kidogo, na baadaye ikaacha kusita. Nikakaa juu ya gogo siku zote, kwa sababu mstari niliujua mimi na kufundisha kungetuchelewesha. Magesa akala vumbi peke yake mpaka macho yakavimba. Siku moja akapanda kutoka shimoni, akajipangusa taratibu. "Fundi," akasema, "wewe una mahali unapokwenda. Mimi niko kwetu." Akarudi kwa ng'ombe wake. Walikuja wengine wawili baada yake. Hao walikuwa wavivu, nasema mpaka leo, lakini hata asiye mvivu asingedumu nami.

Halafu nikaanza kupasua hata Jumapili. Mwenyekiti akanisifu mkutanoni, watu wakapiga makofi. Nilipofika nyumbani mara moja, Bhoke alinitazama nikila. "Umeleta mikono tu," akasema. "Mwenyewe umebaki wapi?" Nikamwambia avumilie, shule ikiisha tu nitarudi kwa Saidi na mambo yatakaa sawa. Akaondoa sahani.

Shule ikaezekwa kabla ya mvua. Bwana Ujenzi akaja, akatazama kenchi, akanipiga bega. Nikamkumbusha ahadi yake.

"Nikurudishe Tarime, Marwa? Mtu mwepesi kama wewe? Kuna kijiji kinachofuata, na kingine mbele yake. Wazito ndio nitakaowarudisha."

Loo! Nilisimama pale kama gogo. Kumbe kila ubao niliouharakisha ulikuwa unanipeleka mbali zaidi na Saidi. Siku hiyo nilitamani kulia, nikaona haya kwa sababu ya watoto wa shule. Akanipeleka kijiji hicho kilichofuata, nami sikufika hata nusu ya kazi. Asubuhi moja niliinama kuokota kabari, mgongo ukakataa kunyooka. Wakanilaza hospitali ya Mugumu, kisha wakanipa likizo ya ugonjwa.

Sikwenda kwanza kwa mke wangu, naye alinisema kwa hilo mpaka alipokufa. Nilipanda lori la ushirika hadi Tarime, nikaenda nyumbani kwa Saidi. Mama Zuhura akatoka, akashika mdomo aliponiona nilivyokonda.

"Shikamoo, mama. Fundi yupo?"

"Marahaba, baba. Leo si Jumapili? Yuko kwenye jiwe lake."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba Saidi alipewa mwenzake Mwislamu, kijana mzuri tu, wakawa wanafanya kazi pamoja. Lakini kila Jumapili Saidi alikuwa anaweka msumeno chini. Bwana Ujenzi alimwita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akamwondoa kwenye msumeno, akamweka kulinda stoo ya vifaa. Kwenye stoo nako, Jumapili haonekani. "Nimemwambia kwamba kijana wake wa Kerende hayupo," Mama Zuhura akasema, "lakini mume wangu ni mbishi."

Nikatembea mpaka kanisani nimejishika kiuno. Alikuwa pale, ng'ambo ya barabara, na kofia yake nyeupe na karanga zake. Ndani watu walikuwa wanaimba. Alinitazama nikija, hakuinuka.

"Leo umewahi kutoka," akasema.

Nikakaa kando yake. Akanimiminia karanga mkononi. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Na Ijumaa zangu huko, zilikuwaje?"

Nikatazama chini. Akatafuna, akameza, akasema, "Haya. Vumbi lilikuwa jingi." Hakuuliza tena maisha yake yote.

Hatukupasua pamoja tena. Mgongo wangu haukurudi kuwa mgongo, nami nikapelekwa stoo hiyohiyo, baadaye kwenye kunoa misumeno ya wilaya nzima, mpaka nilipostaafu. Mashine zilikuja, mashimo yakafukiwa. Ninyi leo mnapasua gogo kabla chai haijapoa, tena peke yenu, na masikioni mmeweka muziki. Mkiniuliza siri ya kudumu kazini, msitegemee niwaambie haraka haraka haina baraka. Hilo mmelisoma kwenye kanga na halijamzuia mtu. Mimi peke yangu sikuwahi kujua wapi pa kusimama. Nilisimama kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili.

Saidi amelala Tarime, Bhoke amelala hapa nyuma ya nyumba. Watoto wako Mwanza, wanapiga simu. Jumapili nakwenda kanisani, na nikitoka huwa natazama ng'ambo ya barabara, upuuzi tu, maana kanisa letu hapa Kerende hata jiwe halina.

Na Ijumaa, jua likifika utosini, naacha chochote nilichoshika. Naweka jembe chini, nanawa, nakaa barazani mpaka alasiri. Majirani wamesema sana. Mwisho mchungaji mwenyewe alikuja, kijana mwenye heshima, akaniamkia, akazunguka maneno weee, kisha akauliza kama ni kweli mzee nimesilimu.

"Sijasilimu, mchungaji," nikamwambia. "Leo mwenzangu anapumzika, na msumeno ni wa watu wawili."