Hasira ya Mkaguzi wa Programu

Mkaguzi wa programu akikasirika hapazi sauti. Huvua miwani na kuifuta kwa upindo wa shati mpaka aliyekosea atokwe jasho. Leo anaifuta kwa nguvu. Kompyuta kuukuu za zahanati zinazimika kila jina la mgonjwa linapotafutwa, kwani njia mpya ya kutafuta kwa kasi, iliyoandikwa na fundi wa programu, inatumia amri ambazo prosesa zao, ubongo wa kompyuta, hazizijui.

"Si nimerekebisha, dada?" fundi analalamika. "Sasa programu inaiuliza prosesa kwanza kama inazijua amri hizo."

"Kwanza wapi, kaka? Amri unaitumia hapa, swali liko chini yake. Unamlisha mgeni, ndipo unamuuliza kama anakula?"

"Kwenye kompyuta yangu imekubali."

"Yako mpya!" Anawasha kompyuta kuukuu ya majaribio, anatafuta jina, kioo kinakuwa cheusi. "Chukulia hapo nesi alikuwa anasoma kipimo cha dawa ya mtoto."

Mkaguzi anayakataa marekebisho, kisha anamsukumia fundi kiti chake mwenyewe.

"Kaa, andika upya. Mtoto anasubiri."