Jiwe la Mama Masanja

Siku hizi nikipita machimboni Mwakitolyo nikasikia akina mama wakigonga mawe ya dhahabu, ko, ko, ko, wenzangu husikia fedha. Mimi nasikia ugali wa mtama, na mate yananijaa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla mashine ya kusaga haijafika kwetu. Dada yangu Minza alikuwa ndiyo kwanza ameolewa, nami, mtoto kibogoyo wa meno ya mbele, nikapelekwa kukaa naye asione upweke. Asubuhi moja mama mkwe wake, Mama Masanja, alimpa kikapu cha mtama. Wageni wangekula mchana, na mashangazi wa mume walikuwa wamejipanga kivulini kumtazama. Unga ukichelewa, angeitwa mvivu mpaka azeeke.

Jiwe la kusagia lilikuwa linang'aa. Nikafurahi kweli: jiwe laini si ndilo la unga laini? Minza akapiga magoti, akasukuma. Mtama ukateleza, ukaangukia chini mzima mzima, na ule kidogo uliopondeka ukanata juu ya jiwe kama tope. Mashangazi wakaanza kukohoa.

"Dada, jiwe zuri hivi, mbona halisagi?"

"Halina meno, kama wewe."

Akainuka, akaokota jiwe jeupe gumu, akaanza kuligonga lile la mama mkwe, ko, ko, ko. Niliogopa sana. Jiwe la watu! Mama Masanja akatoka ndani.

"Ng'wanawane, mwanangu, unavunja jiwe langu?"

"Silivunji, mama. Nalitia meno."

Mama Masanja akamtazama, akarudi ndani. Minza akapangusa vumbi, unga wa kwanza wenye mchanga akawamwagia kuku, kisha akasaga. Sasa jiwe likaukamata mtama, na unga ukashuka. Mchana ugali ulikuwa tayari, na mashangazi ndio waliokula kuliko wote.

Nilikua nikiamini kwamba dada alimshinda mama mkwe. Kumbe mwanamke aliyesagia jiwe lile miaka yote asingekosa kujua kwamba limelainika. Alitaka kuona kama amepata mtu wa kulia kimya kimya au mtu wa kufanya jambo.

Mke wa mwanangu alipokuja kwangu, ingawa mashine ilikuwa imeshafika, nililiacha jiwe langu siku nyingi bila kuligonga. Nikampa mtama, nikaingia ndani, nikatega sikio. Kimya. Nikaanza kumwonea huruma. Halafu: ko, ko, ko. Nikacheka peke yangu, nikaukunja uso, nikatoka.

"Ng'wanawane, unavunja jiwe langu?"