Makofi ya Kezia

Kiongozi yeyote akija Kagerankanda watu wote walipiga makofi isipokuwa Kezia. Mikono yake aliifutika ndani ya kanga, akamtazama mheshimiwa kama mtu anayetazama ugali ulioungua. Wageni walisema hana adabu. Adabu alikuwa nayo tele, na ndiyo iliyomponza.

Kezia alizaliwa Nyabibuye. Alipoolewa na Bazilio wa Kagerankanda, alikuja amejitwisha machipukizi ya migomba kutoka kwa mama yake, akayapanda bondeni, na hayo ndiyo yaliyowalisha watoto wao. Bazilio alifariki muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa vijijini. Hapo shemeji yake Tharsisi, mtu aliyekijua kibuyu cha pombe kuliko jembe, akakumbuka ghafla kwamba bonde lile ni la ukoo. Akaenda kushtaki mahakama ya mwanzo.

Hakimu wa huko alikuwa kijana kutoka mbali, kaunda suti imenyooka kwa pasi, daima ana haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kiha hakukijua, na mkalimani alimwona kuwa ni kupoteza muda. Pembeni yake walikaa washauri wa mahakama, wazee wawili wa kumsaidia kuamua. Mmoja wao alikuwa Kipriani, Muha wa hapo hapo, mwenye mvi nyingi na msimamo wa mlenda.

Siku ya kesi Tharsisi alisema mpaka mate yakamkauka. Kisha hakimu akamgeukia Kezia, akamuuliza kama anakubali kwamba shamba ni la ukoo wa mdai. Kezia akafanya alivyolelewa. Mkubwa akisema nawe, hukurupuki kumjibu. Unapiga magoti kwanza, unainamisha kichwa na kugonganisha viganja polepole, ajue kwamba maneno yake yamekufikia. Ndipo unaanza yako.

“Mdaiwa amekubali,” hakimu akasema huku akiandika.

Kezia alipofungua kinywa aeleze, aliambiwa kesi imekwisha. Akamtazama Kipriani. Mzee yule alijua. Makofi yale alifundishwa na mama yake mzazi kabla hajajua kufunga shuka, na neno lake moja tu lingetosha. Lakini faili lilikuwa limeshafungwa, na harufu ya mbuzi wa kuchoma ilikuwa ikiingia dirishani, basi Kipriani akatafuta kitu cha kuangalia darini, akakipata. Alipoulizwa maoni, alisema anakubaliana na mheshimiwa. Mshauri gani huyo! Hata kigoda alichokalia kilikuwa na sauti kumzidi, maana chenyewe angalau kilikwaruza sakafu.

Mwanaamina, mwenye duka mjini Kasulu aliyezoea kununua ndizi za Kezia, ndiye aliyemwambia kwamba kuna kitu kinaitwa rufani, akamsindikiza mpaka mahakama ya wilaya. Huko Kezia hakupiga magoti. Alisimama wima mbele ya mkubwa, anaona aibu kana kwamba amevuliwa nguo, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, “Mimi sikukubali. Nilitoa heshima, halafu sikusikilizwa.” Hakimu wa wilaya akaita mkalimani, akamsikiliza mpaka mwisho, akaamuru kesi isikilizwe upya na hakimu mwingine. Safari hiyo Kezia alishinda.

Alishinda visiki. Tharsisi hakuwa ameisubiri rufani. Ndizi zote alizipikia pombe, migomba akaifyeka kwa hasira. Kezia akaanza upya kuhudumia machipukizi yaliyochomoza pembeni ya visiki, na kwa miaka kadhaa hakuvuna kitu cha kujivunia.

Bonde liliposimama tena, mgeni wa kwanza kuja kuomba machipukizi alikuwa Kipriani. Migomba yake ilikuwa imeoza kwa ugonjwa. Alimkuta Kezia akipalilia. “Mwakeye, mama,” akamsalimu, akainamisha zile mvi zake na kugonganisha viganja polepole, vizuri kabisa, kama mtu asiyesahau kitu. Kezia akaegemea jembe, akamwacha apige mpaka achoke.

“Mzee Kipriani amekubali,” akasema.

Kipriani akainua kichwa. “Nimekubali nini, mama? Hata shida yangu sijaisema.”

“Kesi imekwisha,” Kezia akajibu, akaendelea kupalilia.