Mguu wa Mdoli wa Mdogo Wangu

Admin, nifiche jina, maana ndugu zangu wote wamo humu. Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, nyumbani ni Sumbawanga. Wadogo zangu marahaba, wakubwa shikamooni.

Nina mdogo wangu, nimwite Koleta. Polio ilimwachia mguu wa kushoto mwembamba, umepinda. Baba yetu alikuwa fundi wa malori mjini, akamletea mdoli wa plastiki kutoka mpakani Kasesya. Mimi sikuletewa kitu. Siku tulipohamia kijiji cha ujamaa, mdoli ulibanwa na vyombo kwenye lori, mguu ukavunjika, ukapotea.

Koleta alilia wiki nzima. Baba akanipa mabaki ya dawa yake ya kuzibia matangi, ile ya vipande viwili vilaini. Ukivikanda pamoja, kwa muda mfupi vinakuwa jiwe. Akasema, "Wewe una mikono, mfanyie mwenzio mguu."

Ndugu zangu, nilikuwa na hasira. Siku za shamba la kijiji mimi nilikuwa nalima mpaka mgongo unakatika, yeye yuko kivulini anambembeleza mdoli. Basi nikakanda, nikaufinyanga mguu mwembamba uliopinda, wa kushoto, kama wake. Nikampa mbele ya wenzetu kusudi wamcheke. Na walicheka.

Koleta akaupapasa ule mguu, akautazama na wake. Akasema, "Dada, umemfanya awe mimi." Akanikumbatia. Tangu siku hiyo hakuficha tena mguu wake chini ya khanga. Watoto wa kijiji nao wakaanza kuniletea midoli na vigari vyao nivitengeneze, nikasifiwa kwa moyo mwema. Sikukanusha.

Wahenga wanasema la kuvunda halina ubani. Langu limevunda, na watu wananusa ubani miaka yote hii. Koleta sasa ni bibi, mwalimu mstaafu, na kila akipewa nafasi kwenye jumuiya anasimulia: "Dada yangu ndiye aliyenifundisha kwamba mguu huu si aibu." Wanageuka kunitazama. Mimi natazama chini, wanasema nina unyenyekevu.

Mwezi huu mjukuu wake ameuvunja ule mguu, vipande havifai tena. Koleta kaniletea mdoli pamoja na gundi mpya ya kukanda ya dukani. "Dada, usije ukaunyoosha. Ufanye vilevile, kwa upendo uleule."

Nimekanda mara mbili, na mara zote mbili imekauka kiganjani sijafinyanga chochote. Nampenda mdogo wangu, safari hii ningeufanya kwa upendo wa kweli. Lakini utatoka uleule niliomfanyia kejeli, naye hatajua tofauti.

Anakuja kuuchukua Jumapili baada ya misa. Nikimwambia, namnyang'anya kitu alichotembelea maisha yake yote. Nikinyamaza, namdanganya mara ya pili, tena kwa mikono ileile. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?