Mipira Kumi na Miwili ya Ijumaa

Nilimchukia kabla hajanisalimia. Alikuja mazoezini pale Ruiru Jumatatu asubuhi, glavu zake kwenye mfuko wa karatasi kama mtu aliyetumwa mkate dukani, akaenda moja kwa moja kwenye goli langu, akaruka, akashika mwamba wa juu kwa mikono miwili na kuning'inia pale akitabasamu. Goli langu, nasema. Nilikuwa nimelilinda miaka kumi na moja. Hata ule udongo mtupu katikati ya milingoti, nyasi zake ni mimi niliyezimaliza.

"Niaje, mzee," akaniambia aliposhuka.

Mzee! Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, yeye ishirini. Nikamwitikia "poa" kwa ile sauti ambayo mke wangu angeijua mara moja, maana ndiyo ninayomjibia akiniuliza kama nimekasirika.

Wasiocheza mpira huenda hawaelewi shida ya kipa. Beki akinyang'anywa nafasi upande wa kulia, atajaribiwa kushoto. Mshambuliaji ataingizwa dakika ya sabini. Lakini kipa ni mmoja. Akishakaa benchi amekaa, labda mwenzake avunjike, na huwezi kuomba mwenzako avunjike halafu Jumapili uende kanisani. Ingawa mimi nimewahi. Tena kwa umri wangu nilijua nikikaa, hakuna timu nyingine ya ligi itakayonipigia simu. Msimu ungeanza baada ya wiki nne, na katika wiki hizo nne kocha angechagua mmoja kati yangu na huyu mtoto wa mtaa wa Githurai 45.

Kocha wetu alikuwa na desturi yake. Ijumaa ya mwisho kabla ya mechi ya kwanza, makipa wawili walipigiana mipira, kila mmoja kumi na miwili, naye amesimama nyuma ya nyavu, mikono kifuani. Hakupiga yeye, wala hakumwita mshambuliaji. "Hakuna anayemjua kipa kuliko kipa mwenzake," alikuwa akisema. Mpigaji alichagua mwenyewe apige wapi. Yaani yule anayeitaka nafasi yako ndiye anayekutahini.

Na mimi ndivyo nilivyoipata yangu. Kipa niliyemkuta nilipofika hapo alikuwa na goti la kulia bovu. Alilificha vizuri, lakini nilifanya naye mazoezi kila siku, nikaona anavyoinuka: mkono chini kwanza, ndipo mguu. Ijumaa yetu ilipofika nilimpigia mipira yote chini, upande wa kulia. Yote kumi na miwili. Saba iliingia. Kocha huyu huyu hakuuliza kitu, na yule mzee hakuivaa tena jezi namba moja. Baadaye nilimnunulia soda. Akanywa, akasema asante.

Sasa zamu ilikuwa yangu. Wiki ya pili tulicheza mechi ya kirafiki Thika. Niliruka kuutoa mpira wa kona kwa ngumi, nikaangukia bega la kushoto, na kitu fulani kikasogea mle ndani. Nikasimama, nikapiga makofi, nikawafokea mabeki kama kawaida ili mtu asiulize. Kesho yake asubuhi, nyumbani Ngoingwa, nilishindwa kuteremsha sufuria ya chai kutoka juu ya kabati. Mkono ulifika usawa wa sikio, ukagoma.

"Baba watoto, mwambie kocha," mke wangu alisema. Sufuria alikuwa ameiteremsha yeye, bila hata kuinua visigino.

"Nimwambie nini? Kwamba nimeshindwa na sufuria?"

"Mwambie ni bega. Bega si hupona?"

"Kwa wiki mbili?"

"Haiya! Sasa utadaka na nini, na meno?"

Nikagonga meza kwa kikombe, chai ikamwagika, mtoto wetu mdogo akaanza kulia. Ndivyo nilivyo. Nikiogopa nakuwa mkali. Mke wangu anajua, ndiyo maana alinipa tu kitambaa nipanguse. Nilienda kwa daktari peke yangu. Akaniandikia nipumzike miezi mitatu. Nilimshukuru, nikaikunja ile karatasi, nikaisukuma ndani ya kiatu changu cha zamani cha mpira ambapo hakuna mtu angeitafuta.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kuficha. Sweta nilianza kuivaa mkono wa kushoto kwanza, nikiuvuta kwa ule wa kulia, uso nimeuelekeza ukutani. Mipira ya juu kushoto niliiacha ipite huku nikipaza sauti, "Nje hiyo!" Mingi kweli ilikuwa nje, namshukuru Mungu. Lakini hatukuwa na kocha wa makipa. Mimi na yule kijana tulifanyishana mazoezi wenyewe, asubuhi hadi adhuhuri, na kila aliponirushia mpira nilihisi ananipima.

Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, jambo lililozidi kuniudhi. Alibeba wavu wa mipira bila kuambiwa. Alileta njugu karanga ambazo mama yake huuza sokoni, kifuko kimoja changu, kimoja chake. Siku ya kwanza nilikataa. Siku ya pili nilikula, kwa sababu njugu hazina makosa.

"Mzee," akaniuliza tukitafuna, "kwa kona we huangalia nani kwanza?"

Nikamjibu nusu. Ile nusu nyingine ndiyo yenye maana, nikaimeza na njugu zake.

Kasoro yake nilikuwa nimeshaiona. Alikuwa na haraka. Mshambuliaji akimjia peke yake, alitoka golini mapema mno, na ukimchopia mpira juu ya kichwa alibaki akiutazama tu. Kumwambia kungechukua sekunde mbili. Sikumwambia.

Alhamisi, siku moja kabla ya mtihani, nilikuwa Thika mjini kutafuta dawa ya kuchua, nikakutana uso kwa uso na yule kipa wa zamani mwenye goti. Siku hizi anauza viatu vya mitumba karibu na steji ya matatu. Amenenepa. Alinisalimia akiwa ameketi.

"Bado unadaka?"

"Bado."

"Nasikia mmeletewa kijana."

"Ni mtoto tu. Hana shida."

Akacheka mpaka akajishika goti. "Hata mimi nilimwambia bibi yangu hivyo. Ni mtoto tu, hana shida, tena ana adabu."

Sikujua niangalie wapi. Nikaokota kiatu kimoja, nikajifanya natafuta saizi. Nilitaka kumwomba msamaha, kweli nilitaka, lakini kilichonitoka ni, "Hiki ni pesa ngapi?"

"Hicho ni cha mwanamke," akaniambia kwa upole.

Nikakirudisha, nikaenda zangu. Hadi leo sijarudi kwake.

Ijumaa ikafika. Wachezaji wote waliketi kando ya uwanja, maana mtihani huo ulikuwa burudani yao, na kocha akasimama nyuma ya nyavu. Akaniambia nianze kupiga. Nilimpigia yule kijana mipira kumi kwa nguvu zangu zote, akadaka minane. Ile miwili ya mwisho niliukokota mpira nikimwendea. Akatoka mapema, kama nilivyojua, nikamchopia. Yote miwili ndani. Akanitazama kama anayeuliza umejuaje. Mimi huyo nikaenda golini bila haya.

Nilipogeuka kumkabili, kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka na mpira haujapigwa. Mwili mzima ulikuwa unangoja kushoto. Wa kwanza ukaja kulia. Nikaudaka. Wa pili kulia, chini. Wa tatu na wa nne, kulia. Wa tano ulikuja katikati, mikononi kabisa. Wenzetu wakaanza kushangilia kila nilipodaka. Wa nane ulikuja juu kulia, nikaruka nikautoa kwa ncha za vidole, na nahodha wetu akapaza sauti, "Ng'ombe hazeeki maini!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu hapigi mipira minane bila hata mmoja kwenda kushoto kwa bahati tu. Nani anayelijua hilo kunishinda? Nikamtazama. Yeye hakunitazama, alikuwa ameinama akiugeuzageuza mpira kana kwamba una mbele na nyuma. Alikuwa anajua. Na alikuwa ananifichia siri yangu.

Ngai! Hasira ilinipanda hadi masikioni. Afadhali angenimaliza, hilo ningelielewa. Lakini kuhurumiwa na mtoto wa miaka ishirini, ambaye dakika chache tu zilizopita nilikuwa nimemfanyia hila mbele ya watu! Wa tisa, kulia. Wa kumi, kulia. Nikaidaka yote miwili. Kumi kwa kumi. Nyuma yangu kocha alisema polepole, "Vizuri. Vizuri." Ilibaki miwili. Kazi yangu ilikuwa kunyamaza tu, na jezi ingekuwa yangu.

Ningependa kusema ni wema ulioniingia. Sidhani. Niliifikiria Jumamosi, siku ya mechi ya kwanza. Niliiona kona ya kwanza ikija upande wa kushoto, ikipigwa na mtu asiyenijua wala kunionea huruma, wenzangu kumi wakinitegemea, na huu mkono unaoishia sikioni. Wiki mbili nzima niliogopa Ijumaa, na ile Jumamosi yenyewe sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

"Kushoto," nikamwambia.

Akajifanya hajasikia.

"Piga kushoto. Juu."

"Mzee, wacha tu..."

"Kwani wewe ni kiziwi? Piga!"

Akapiga. Haukuwa mpira mkali, hata mtoto wangu angeufikia akisimamishwa juu ya kiti. Niliruka, mkono ukafika usawa wa sikio ukagoma, mpira ukapita juu yake taratibu. Nikaanguka nikipiga kelele kama mbuzi. Kocha alizunguka mlingoti, akaja akachuchumaa karibu nami.

"Tangu lini?"

"Thika. Ile mechi ya kirafiki."

Akatikisa kichwa, akaniinua kwa mkono wa kulia. Mpira wa kumi na mbili haukupigwa.

Tulipokuwa tukikusanya vitu nilimuuliza kijana alijuaje.

"Sweta, mzee. We huanzanga na hiyo mkono ya left. Buda yangu pia huvaanga hivyo. Alianguka mjengo, hapa tu Ruiru."

Yaani bega langu alilijua kwa bega la baba yake, aliyeanguka kwenye kazi ya ujenzi. Mimi nililiona goti la mtu, nikawaza tu litakavyonifaa. Nikambebea wavu wa mipira mpaka chumba cha kubadilishia nguo, naye akawa ananifuata nyuma akiomba nimrudishie, mzee, tafadhali, watu wanatuangalia.

Jumamosi, mechi ikawa Thika. Kwa kawaida kipa anayekaa ndiye anayempasha misuli moto yule anayecheza, kwa hiyo nilimpasha. Nilimrushia mipira kulia, kushoto, juu, chini, kwa mkono wangu mmoja mzima. Refa alipowaita nikamshika shingo, nikamvuta karibu.

"Mtu akikujia peke yake, usitoke mapema. Ngoja ainamishe macho kwa mpira, ndiyo utoke. Na kwa kona usianze kuangalia mpira, angalia yule mtu anayekuja kukuziba."

Akanikazia macho. "Hiyo ndiyo ile nusu ingine ulinibania?"

"Ndiyo hiyo. Haya, enda."

Akakimbia golini, akaruka, akaushika mwamba kwa mikono miwili na kuning'inia. Nikaenda kuketi benchi. Kulikuwa na baridi. Nikaitoa sweta kwenye begi na kuivaa pale pale, mkono wa kushoto kwanza, polepole, watu wote wakiniona.