Kitanzi cha Shafti

Mwanangu, weka chini hiyo spana unisikilize. Nimechungulia chini ya hilo gari unalojiundia, nikachoka kabisa. Shafti, huo mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, umeipaka rangi inang'aa, lakini kitanzi cha chuma cha kuidaka ikikatika hakipo. Nikikuuliza, unasema utakifunga baadaye. Baadaye! Nami nilisema hivyohivyo, na siku ile haijanitoka kichwani hadi leo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuja Mbinga, na vipuri vikaonekana madukani. Nikaunda gari kwa mabaki ya magari matatu. Mzee Kasiani, fundi wa Mpepai aliyenifundisha kazi, akanikunjia kitanzi kwa mkono wake. Lakini kiligongagonga njia nzima, nami, kwa kuogopa watu watasema gari langu bovu, nikakifungua nikakitundika ukutani.

Asubuhi ya safari mzee akakiona.

"Hiki kinafanya nini hapa?"

"Shikamoo mzee. Kinapiga kelele."

"Kinapiga kelele kwa sababu umekifunga kikaigusa shafti. Kisogeze kidogo tu! Unapakia watu halafu unawaondolea kinga?"

"Nitakirudisha jioni, mzee."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaondoka bila kuaga. Unajua nilifanya nini? Nilicheka.

Nilimpakia dada yangu Imelda, fundi cherehani, akipeleka sare za kwaya Ngumbo, kando ya ziwa. Tulipoanza kuteremka milima kuelekea ziwani, nikasikia mlio kama bati linalopigwa nyundo. Kiungo cha mbele cha shafti kilikuwa kimekatika. Ncha ikaanguka huku shafti ikizunguka, ikapasua sakafu na kukata paipu ya breki. Nikakanyaga breki, ikaenda mpaka chini. Gia nazo hazikushika kitu, maana injini haikuwa na cha kuiunganisha na magurudumu. Nikalielekeza gari kwenye ukuta wa udongo wa mlima kando ya barabara, likajikita humo.

"Kaka," Imelda akasema polepole, "mguu wangu siusikii."

Ulikuwa umevunjika mahali pawili, na ndio mguu aliokanyagia cherehani.

Mzee Kasiani alikuja hospitali. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake alinipita, akainama kitandani kwa Imelda, akasema, "Mwanangu, nisamehe. Nilipaswa kumnyang'anya funguo." Mzee mwenye mvi anaomba msamaha kwa kosa langu! Ningetukanwa ningepona mapema.

Basi sikiliza, maana sitarudia. Funga kitanzi karibu na kiungo cha mbele, ili shafti ikikatika isifike chini. Kizunguke shafti pande zote, uiachie nafasi ya kucheza gari likipita mashimoni. Kishike kwenye chasisi, si kwenye bati la sakafu. Bolti za shafti ziwe mpya, na viungo vyake viwili vikae sambamba, la sivyo itatetemeka mpaka ijikate yenyewe. Na fundi mkubwa akikuonya, usimjibu kwa kesho. Lala chini ya gari, ufanye, ndipo umwite mtu kupanda.

Mungu ailinde mikono yako na kila atakayeketi kando yako. Akupe kazi isiyokuaibisha, na usiku akupe usingizi usio na mtu wa kumwomba radhi.

Haya, ingia chini.