Kikombe cha Mvua ya Mawe

Mama yangu Sally hakuwa mtu wa kukaa bure. Shule zikifungwa mwezi wa nane, wanawake wengine wa kilima chetu, pale chini ya Litein, walishukuru kwamba wamepata mikono zaidi ya kuchuma chai. Mama naye alituchumisha, usidhani tulidekezwa. Lakini ilipofika saa nane mchana, wingu likianza kukaa juu ya mashamba, alitua kikapu, akajifuta mikono kwenye leso na kusema, "Haya, hoteli imefunguliwa."

Hoteli yenyewe ilikuwa jiko letu la udongo. Kaka yangu Kimeli alikuwa mwenye hoteli. Mimi, Chepkemoi, nilikuwa mpishi, mhudumu na mwosha vyombo, mshahara hakuna. Mama alikuwa mteja, tena mteja mkorofi. Aliingia ameubeba mkoba wa kanisani, akaketi kwenye kigoda na kuanza kulalamika kwamba chai imepoa na viazi ni vya jana.

"Mimi nimetoka Kericho mjini," alisema akikunja pua. "Nimezoea hoteli za maana."

"Kama hutaki, toka," Kimeli alimjibu. "Kuna watu wamepiga foleni huko nje."

Huko nje kulikuwa na ng'ombe wetu na kuku wawili. Mama alicheka mpaka akajishika mbavu.

Alizaliwa Sigowet, kifungua mimba katika nyumba ya watoto tisa. Siku moja nilimuuliza alikuwa akicheza nini alipokuwa mdogo. Alimaliza kumenya kiazi kilichokuwa mkononi. "Sikucheza," alisema. "Nilibeba watoto." Kwa hiyo alicheza na sisi, na alicheza kwa pupa, kama mtu anayekula akijua sahani itaondolewa.

Ushahidi ulikuwa pale pale kwenye ua, ambapo aliiacha michai mitatu isiyochumwa wala kukatwa. Mchai ukiachwa hivyo hurefuka ukawa mti, ukatoa maua meupe, kisha mbegu ngumu za mviringo ambazo sisi tulizifanya bano, yaani gololi. Afisa wa chai alipopita kukagua shamba alishangaa.

"Mama, hii miti mitatu ni ya nini? Hii ni hasara."

"Hiyo ni ya watoto," mama alisema.

"Watoto wanachuma?"

"Wanacheza."

Afisa alimtazama baba. Baba yangu Johana alitazama viatu vyake. Michai ilibaki.

Nilikuwa na wivu, na sioni haya kusema. Kila mchezo ulianza na jina la Kimeli. Mkokoteni wa mbao wenye magurudumu ya mti, uliotelemka kutoka kwetu mpaka mtoni, ulikuwa wa Kimeli, mimi nilisukuma. Kwenye bano Kimeli alitupa kwanza. Hata mama alipotufundisha kufuma mpira kwa makaratasi ya nailoni na kamba za mgomba, wa kwanza ulikuwa wa Kimeli na wa kwangu ulikuwa wa mabaki, ukiupiga teke unapinda kona. Nililalamika. Mama alisema, "Wewe utakuwa na mimi siku nyingi. Huyu ana siku chache." Nilidhani ananizuga tu.

Mwaka wa tisini na tano, mwezi wa saba, nilielewa. Tulikuwa tunakunywa chai ya asubuhi. Baba aliweka kikombe chini akasema kwamba Desemba Kimeli ataenda jandoni na wenzake.

Kwetu kijana akishatoka jandoni haingii tena jikoni kwa mama yake. Anajengewa kibanda chake upande wa zizi, na chakula hupewa akiwa nje. Haketi kwenye moto wa mama, wala hachezi michezo ya watoto mbele yake. Hakuna ugomvi katika hilo, ni heshima, na mzazi hujivunia. Mama pia angejivunia. Alikuwa ameanza hata kuweka mtama wa pombe ya wazee, ingawa sisi ni watu wa kanisa na ilibidi aufiche nyuma ya magunia. Lakini asubuhi ile alisema, "Baba Kimeli, hebu aende mwaka ujao."

"Mwaka ujao ataenda na nani? Wenzake wote wanaenda sasa. Unataka akae na watoto?"

"Nataka akae na mimi," mama alisema.

Kimeli ndiye aliyejibu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. "Mama, mimi naenda. Kiplangat anaenda, Alfayo anaenda. Mimi nibaki nikifanya nini?" Mama aliinuka akaenda kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Shule zilipofungwa, mama alingoja saa nane kwa hamu ambayo sikuwahi kuiona. Siku ya kwanza alivaa kabisa nguo ya kanisani, akabisha hodi kwenye mlango wa jiko lake mwenyewe. "Kuna chai hapa?" Nilikuwa nimesimama na birika. Mwenye hoteli hakuwepo. Alikuwa nje kwenye kigoda, karibu na baba, wanazungumza mambo ya bei ya ndama.

"Kimeli," mama aliita, "mteja amefika."

"Mama, hiyo ni mambo ya watoto."

Alisema kwa upole, sikatai. Mama alikunywa chai niliyompa, na hakulalamika hata kidogo. Mteja asiyelalamika hafai kitu. Nilimwambia chai ni ya jana, ajaribu kukasirika, lakini aliniambia ni tamu.

Siku ya pili alitoa mkokoteni nyuma ya ghala, akapigilia gurudumu lililokuwa limelegea na kupaka ekseli sabuni. Alimwita Kimeli mara tatu. Alipoona haji, alikunja sketi, akaketi yeye mwenyewe na kuniambia nisukume. Nilisukuma. Alishuka akipiga kelele, akavuka njia na kuingia katikati ya chai ya jirani yetu Bitutu, mwanamke aliyehamia kutoka Kisii, ambaye wakati huo alikuwa anapalilia.

"Mama Kimeli!" Bitutu alisema alipomaliza kucheka. "Wewe umekuwa mtoto tena?"

"Nivute kwanza, utanicheka baadaye."

Nilitazama nyuma. Kimeli alikuwa amesimama juu kwenye ua, ameangalia upande mwingine. Alikuwa ameinua mabega kwa aibu, na sijui aliona aibu kwa ajili ya mama au kwa ajili ya nafsi yake kwa kutoshuka. Bitutu naye aliacha kucheka, kwa sababu mama alikuwa anatoa majani kwenye nywele na machozi yalikuwa yanatoka.

"Nataka siku moja tu," mama alimwambia. "Moja tu acheze, halafu waende naye."

"Mtoto hachezi kwa kulazimishwa, dada yangu."

"Najua."

Wiki mbili zikapita hivyo. Mama alijaribu bano, akajaribu vitendawili, hata alijaribu kushindwa makusudi kwenye mbio. Kimeli alimsaidia kazi zote: alikata kuni, alibeba chai mpaka kituo cha kuuzia majani, alikamua ng'ombe. Alikuwa mwema sana. Nilimchukia kwa wema huo, maana mama hakuwa akitafuta kibarua.

Alhamisi kabla ya shule kufunguliwa, mvua ya mawe ilipiga. Anayeishi katika nchi ya chai anajua maana yake. Dakika kumi, na majani uliyongoja wiki nzima yamechanwachanwa kama mboga ya kupika. Watu wazima husimama mlangoni wakitazama. Watoto nao hukimbia nje na masufuria vichwani, kwa sababu hakuna kitu kitamu kama punje za barafu zilizochanganywa na sukari na utando wa maziwa. Kila mwaka mama alisimama na watu wazima kwa muda kidogo, akasikitika, kisha akachukua kikombe na kutufuata.

Siku ile alibaki mlangoni. Nadhani alikuwa amechoka kukataliwa. Mimi nilivaa sufuria na kutoka, mawe yakigonga juu yangu mpaka masikio yakaziba. Nilikuwa nimeinama chini ya mchai mrefu wa kwenye ua nilipoona miguu inapita mbio kando yangu.

Ilikuwa miguu ya Kimeli. Alikuwa na karai kichwani na kikombe chake cha bati cha bluu, kile kilichobanduka rangi mdomoni. Aliteleza, akaanguka, akaamka akicheka kwa ile sauti yake mpya inayokwaruza. "Mama!" aliita. "Mama, toka, yanaisha!"

Sijawahi kuona mtu akitoka mlangoni vile. Hakuchukua hata sufuria ya kichwani. Tuliokota sote watatu, tukigombania punje kubwa, na mama alimwibia Kimeli kwenye kikombe chake, naye akamrushia moja shingoni ikaingia ndani ya nguo. Tulirudi jikoni tumelowa chapachapa. Mama alitoa sukari, akatia vijiko bila kuhesabu. Tulikula mpaka meno yakauma. Kimeli alikuwa amekaa kwenye moto, bega lake likigusa la mama, na joto lilipomwingia alisinzia, kichwa chake kikaanguka kwenye mkono wa mama.

Ng'ombe alilia akitaka kukamuliwa. Mama hakusogea. Kuni zilipungua na moto ukaanza kufifia, na bado hakusogea. Alinionyesha kwa kidevu niongeze kuni.

Baba aliingia akitoka shambani, kofia inadondosha maji. "Chai yote imekwisha," alisema, "na nyinyi mnakula barafu."

"Imekwisha," mama alisema kwa sauti ya chini. "Keti nawe ule."

Baba alimtazama Kimeli aliyelala. Alivua kofia, akaenda kukamua ng'ombe mwenyewe.

Desemba walimchukua. Januari alirudi mrefu, amevaa shati jipya lililokunjwa vizuri, na watu wakaja kutupongeza. Aliposalimia mama alitazama chini. Jioni alikuja mpaka mlango wa jiko na kusimama nje, na mama akampitishia sahani juu ya kizingiti. "Asante, mama," alisema, akaenda nayo kibandani kwake. Mama alibaki ameshika fremu ya mlango. Alijivunia, nilimwona akijivunia mbele za watu wiki nzima, na nilimwona pia asubuhi aliyochukua panga na kuikata michai mitatu ya kwenye ua, akaisawazisha na mingine.

"Na mimi?" nilimuuliza. "Mimi sichezi bano?"

Alisimama na panga. Nadhani hakuwa amenifikiria kabisa. Aliniomba msamaha, jambo ambalo mama zetu hawakuwa na mazoea nalo, na mchana ule alikuja hotelini akalalamika kuhusu chai mpaka nikamfukuza. Lakini alikuwa akitupa jicho kwenye kigoda cha mwenye hoteli.

Mwezi wa nane uliofuata, mama alikuwa amepeleka majani kituoni mvua ya mawe ilipoanza. Baba alikuwa Kapsoit kwenye mazishi. Nilikuwa jikoni peke yangu, na sikutoka. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilianza kujiona mkubwa. Kupitia dirisha nilimwona Kimeli anatoka kibandani. Alitazama huku na huku kuona kama kuna mtu njiani. Kisha akainama, mtu mzima mwenye shati la kola, akawa anaokota mawe ya mvua na kuyatia kwenye kikombe cha bluu.

Alikuja nacho mpaka mlangoni kwa mama. Pale kwenye kizingiti alisimama. Aliona sukari ilipo, kwenye kopo juu ya rafu, hatua tatu tu ndani. Alichuchumaa, akakiweka kikombe juu ya kizingiti, katikati kabisa.

"Ni cha mama," aliniambia. "Usikiguse."

Mvua iliwafungia watu wa kituoni kwa saa nzima. Nilikaa nikikitazama kikombe. Punje zilizama, zikawa ndogo, zikaelea, na mwishowe jua lilipotoka hapakuwa na kitu ila maji. Mama alifika na matope mpaka magotini, amechoka, na karibu akipige teke.

"Nani ameacha maji mlangoni?"

"Ni Kimeli," nilisema. "Yalikuwa mawe. Umechelewa."

Aligeuka kutazama upande wa zizi. Kimeli alikuwa anapasua kuni, ametupa mgongo, na shoka lake lilikuwa limesimama hewani. Mama hakumwita. Alitua kikapu, akaketi juu ya kizingiti, miguu nje, akakichukua kikombe kwa mikono miwili.

"Nikuletee sukari?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa. Alikunywa polepole, mpaka mwisho, na hakuniachia hata tone. Siku ile sikuona wivu.